Kizibao Hakifuliwi: Niliyoyaona Nikimtunza Mzee wa Klabu ya Pikipiki

Watu wengi hawajui kwamba kile kizibao chenye nembo kubwa mgongoni, wanachovaa wale wazee wenye ndevu wanaopita na Harley-Davidson zao hapa Texas, sio mali ya aliyekivaa. Ngozi ni yake, kainunua kwa hela yake, lakini viraka vilivyoshonwa juu yake ni vya klabu. Akifukuzwa ananyang'anywa, akiacha mwenyewe anavirudisha, akifa wenzake ndo wanaoamua azikwe navyo au vichukuliwe. Watu wameumizana na wengine wameuana kabisa kwa ajili ya viraka hivyo, na mimi nimeishi karibu na kizibao kimoja kwa muda wa kutosha kuelewa kwa nini.

Nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani, kazi ambayo Watanzania na Wakenya wengi ninaowafahamu huku wameipitia kwa wakati fulani. Kuna kipindi nilipangiwa mzee mmoja nje kidogo ya Houston, mapafu yameisha, yuko chini ya hospisi, yaani huduma ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, lakini anaishi kwake, anahitaji mtu wa kumuogesha, kumbadilisha, kumlisha na kukaa naye. Alikuwa mwanachama wa moja ya zile klabu ambazo polisi wa Marekani wanaziita magenge na zenyewe zinajiita asilimia moja, jina ambalo asili yake nitaieleza mbele. Jina lake sitalitaja na klabu yake sitaitaja, siri ya mgonjwa ni siri ya mgonjwa hata akishatangulia. Majina nitakayoyataja humu ni yale ambayo yako mahakamani na magazetini miaka na miaka.

Siku ya kwanza, kabla hajanionyesha dawa ziko wapi, alinionyesha kizibao. Kilikuwa kimetundikwa kwenye mlango wa kabati pale anapoweza kukiona akiwa kitandani, kinanuka mafuta ya injini na sigara na jasho la miaka. Akanipa masharti, hakifuliwi, hakikunjwi, hakiwekwi sakafuni, na mtu yeyote akija hapa asikivae hata kwa mzaha. Aliongea taratibu sana kwa sababu pumzi ilikuwa haitoshi, lakini hilo alilimaliza mpaka mwisho.

Nilipomuogesha nikaona nembo ileile imechorwa mgongoni kwake, kuanzia mabegani mpaka karibu na kiuno, wino umefifia ukawa kama wa kijani, na chini yake mwaka mmoja tu, mwaka aliopokelewa. Nikamuuliza. Akaniambia anayetoka kwa heshima huongeza na mwaka wa kutoka, na anayefukuzwa kwa ubaya anatakiwa aifute nembo au aifunike kwa wino mweusi, asipofanya mwenyewe atafanyiwa. Yeye hakuwahi kutoka, kwa hiyo pale kwenye mwaka wa pili palikuwa ngozi tupu.

Sasa watu wangu mkisikia klabu ya pikipiki msifikirie kundi la marafiki wanaopenda kuendesha wikendi. Huku kuna maelfu ya klabu za namna hiyo, za maaskari, za walokole, za madaktari, na hazina shida na mtu. Hizi nyingine ni kitu tofauti. Hells Angels walianza California mwaka 1948, Outlaws wanahesabu historia yao kuanzia 1935 huko McCook, Illinois, karibu na Chicago, Bandidos wakaanzia hapahapa Texas mwaka 1966, sehemu inaitwa San Leon, Mongols wakaja 1969, Montebello, California. Nyingi zilinona kutokana na vita. Vijana wametoka vita ya pili ya dunia, baadae wametoka Vietnam, wamezoea kuishi na wanaume wenzao ambao wangekufa kwa ajili yao, wanarudi nyumbani wanakuta maisha ya kiwandani na mke asiyeelewa kwa nini mume hasemi kitu. Mzee wangu alirudi kutoka Vietnam mwanzoni mwa miaka ya 70 na aliniambia wazi kwamba asingeipata klabu angejiua, na mimi nilimwamini, namwamini mpaka leo.

Kuingia sio kujaza fomu. Kwanza unakuwa mtu wa kuonekana onekana tu, wanakuzoea, wanakuangalia. Mmoja akikudhamini unakuwa prospekti, yaani mwanachama wa majaribio, unapewa kizibao chenye kiraka cha chini tu, kile kinachokaa chini ya mahali pa nembo, na hapo unakuwa mtumwa wa kila mwanachama kamili. Yeye alikesha kwenye mvua akilinda pikipiki nje ya baa huku wenzake wako ndani wanakunywa. Ilibidi atembee na kiberiti, sigara, sindano na uzi, vidonge vya kichwa, spana, chochote ambacho mwanachama anaweza kukihitaji, na akikosa kimoja anaadhibiwa. Simu ikiita saa tisa usiku anaamka anaenda umbali wowote bila kuuliza kuna nini. Hii inaenda mwaka, saa ingine zaidi, mpaka siku wanachama wa tawi wapige kura na wote wakubali, mmoja akikataa basi. Aliniambia siku aliyopewa nembo ya mgongoni alilia, na mzee huyu hakuwa mtu wa kulia, nilimuona akibadilishwa bandeji za vidonda bila hata kukunja uso.

Kila wiki kuna kikao, wanakiita kanisa, na kukosa kanisa ni kosa. Kuna rais, makamu, katibu, mweka hazina, sajenti anayesimamia nidhamu na ulinzi, na kapteni wa barabara anayepanga safari. Mzee wangu aliwahi kuwa mweka hazina wa tawi lake miaka ya nyuma na alikuwa bado na daftari moja la zamani, jalada jeusi limepasuka, siku moja akaniambia nilitoe chini ya droo nimsomee kwa sababu macho yalikuwa yameanza kumwacha. Nikamsomea. Michango ya mwezi. Faini ya kuchelewa kikao. Faini ya pikipiki isiyowaka. Maua ya mazishi ya mama wa fulani. Dhamana ya fulani, hela nyingi. Midoli ya watoto wa hospitali, Krismasi. Kodi ya nyumba ya mke wa fulani, na pembeni kaandika kwamba huyo fulani yuko jela. Dhamana nyingine. Yote mwandiko mmoja, ukurasa mmoja, hajatenganisha. Na katikati ya daftari kulikuwa na kurasa zimechanwa, unaona kabisa vile vipande vilivyobaki kwenye uzi. Sikumuuliza na yeye hakusema, tukaendelea ukurasa unaofuata.

Lile daftari ndilo lililonifanya niandike haya. Watu wanaotetea hizi klabu wanakuonyesha maua na midoli, na serikali inakuonyesha dhamana na kurasa zilizochanwa, na kila upande unakuambia huo mwingine ni maigizo. Mimi nimeshika daftari zima. Ni kitu kimoja. Udugu ule ni wa kweli kabisa, na udugu uleule ndio uliofanya maovu yawezekane, kwa sababu mtu uliyeapa hutamwacha katika lolote hutamwacha hata kwenye lile alilotakiwa kuachwa peke yake.

Nilivyouona huo udugu ngoja niwaambie. Kila jioni kulikuwa na mtu. Wazee kama yeye, matumbo makubwa, magoti mabovu, wengine wanashuka kwenye pikipiki kwa shida mpaka unawaonea huruma, wanakuja wanakaa pembeni ya kitanda. Walijenga mteremko wa kiti cha magurudumu kwa siku moja, mbao nzuri, na reli ya kushika. Jokofu halikuwahi kuwa tupu. Mmoja alikuwa anamnyoa ndevu kwa wembe wa zamani, mkono hautetemeki, huku anamsimulia habari za watu waliokwisha kufa. Nimetunza wazee wengi huku, wenye watoto madaktari na mawakili, ambao simu ya Krismasi ndo mgeni wao pekee wa mwaka. Mzee wangu hakufa mpweke na watu waliohakikisha hilo ni hao ambao dunia inawaita wahalifu.

Na sasa niseme jambo ambalo msomaji atakuwa ameshaanza kujiuliza. Mimi ni mwanamke mweusi. Hizi klabu kubwa kwa sehemu kubwa ya historia yao zilikuwa hazipokei watu weusi, na miaka ya 60 Hells Angels walikuwa wanatembea na alama za Manazi vifuani mchana kweupe, wao wanasema ilikuwa ya kuwaudhi raia tu. Mmoja wa wageni wetu alikuwa na ile miale miwili ya SS, kikosi cha Manazi, kwenye shingo. Alinisalimia kwa adabu, akavua kofia, akanibebea mizigo kutoka kwenye gari, akaniita mama kwa heshima ya watu wa Kusini. Nilipokea mizigo yangu na sikumsamehe ile alama. Adabu kwa mtu mmoja jikoni haifuti kitu ulichochagua kukichora shingoni uonwe na kila mtu. Weusi walianzisha za kwao, East Bay Dragons wa Oakland walianza mwaka 1959, mji uleule ambao tawi la Hells Angels la Sonny Barger, aliyekuja kuwa kiongozi wao maarufu kuliko wote, lilikuwa limeanzishwa miaka miwili kabla yake, na Chosen Few wa Los Angeles walianza weusi watupu mwaka huohuo 1959, baadae wakapokea na wazungu. Hayo huyasikii sana kwa sababu picha iliyouzwa duniani ni ya mzungu mwenye ndevu.

Hiyo picha ina historia yake na ni historia ya kushangaza. Julai 1947 kwenye mji mdogo wa Hollister, California, kulikuwa na mashindano ya pikipiki ya sikukuu, watu wakafurika maelfu, mji ukazidiwa, wakalewa, wakafanya mashindano barabarani, watu kama 50 hivi wakakamatwa, wengi kwa ulevi na fujo. Ilikuwa fujo, ndio, lakini mji haukuchomwa wala kutekwa. Jarida la Life likatoa picha ya mwanaume amekaa juu ya pikipiki kalewa, chupa za bia zimetapakaa chini, na mtu mmoja aliyekuwepo alikuja kusema miaka mingi baadae kwamba chupa zile zilikusanywa zikapangwa ili picha ipendeze. Nchi nzima ikaogopa. Kisha ikasambaa habari kwamba chama cha waendesha pikipiki, AMA, kimetamka kuwa asilimia 99 ya waendeshaji ni raia wema. Chama chenyewe kinasema hakina kumbukumbu yoyote ya kutoa tamko hilo. Lakini wale wakorofi wakalipenda, wakasema vizuri, sisi ndo ile moja iliyobaki, wakashona kiraka cha umbo la almasi. Yaani alama yao kubwa kuliko zote imetokana na maneno ambayo hakuna anayeweza kuonyesha yalisemwa wapi.

Mwaka 1964 wikendi ya sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, ambayo huku ni mwanzoni mwa Septemba, Hells Angels wakatuhumiwa kwa ubakaji karibu na Monterey. Mashtaka yalifutwa. Lakini mwanasheria mkuu wa California, Thomas Lynch, akatoa ripoti Machi 1965 akiwaelezea kama tishio kubwa, magazeti makubwa ya New York yakaibeba, na kundi dogo la wanaume wachafu ambao nje ya California walikuwa hawajulikani wakawa maarufu dunia nzima. Ripoti ya kuwaangamiza ndo iliyowatangaza. Vijana wakaanza kuomba kujiunga kutoka kila kona, na nje ya Marekani pia.

Wao wenyewe hawakuikataa hiyo sifa, na hapa ndo naona watu wao wanapodanganya wanapolalamika kwamba magazeti yamewachafua. Walijua thamani yake. Hells Angels wana kampuni inayomiliki nembo yao na wanashtaki kila anayeigusa, waliishtaki Disney mwaka 2006, wakawashtaki wabunifu wa mitindo wa Alexander McQueen mwaka 2010. Sonny Barger mpaka anafariki Juni 2022, akiwa na miaka 83, alikuwa jina linalouza, mtu aliyefanyiwa upasuaji wa koo kwa sababu ya saratani miaka ya 80 na kuongea kwa kubana tundu shingoni, na watu walipanga foleni apige nao picha. Hofu ni mtaji wao. Ukiingia baa na nembo ile unapishwa, hulipi bia, hakuna anayekujibu vibaya. Mzee wangu alikiri hilo bila kuzunguka. Aliniambia kabla ya klabu alikuwa kijana mfupi mwenye kigugumizi, baada ya klabu hakuna mtu aliyecheka tena.

Ila mtaji huo una riba, na riba ililipwa Waco.

Jumapili tarehe 17 Mei 2015, kwenye mgahawa wa Twin Peaks mjini Waco, saa chache kutoka hapa, kulikuwa na mkutano wa shirikisho la klabu, mikutano ambayo kwa kawaida wanajadili sheria za barabarani na haki za waendesha pikipiki. Kulikuwa na ugomvi kati ya Bandidos na klabu nyingine inaitwa Cossacks, na kiini cha ugomvi kilikuwa kiraka cha chini, kile kinachotaja eneo ambalo klabu inadai ni lake. Kimeandikwa Texas. Cossacks walikishona bila idhini ya Bandidos, ambao wanajiona ndo wenye jimbo. Polisi walijua, walikuwa wameshajipanga nje na bunduki. Maneno yakaanza kwenye maegesho, ngumi, kisha risasi. Watu 9 wakafa. Uchunguzi wa risasi ukaja kuonyesha kwamba wanne kati ya hao 9 walipigwa na risasi za polisi. Polisi wakasema walijibu mashambulizi, na hakuna askari aliyeshtakiwa.

Halafu wakakamata watu 177. Karatasi ya kukamatia ilikuwa moja, imechapwa maelezo yaleyale, wanajaza jina tu, na dhamana ikawekwa dola milioni moja kwa kila mtu. Milioni moja, awe kafyatua risasi au alikuwa chooni. Humo ndani kulikuwa na watu wa klabu ndogo zisizo na ugomvi na mtu, maaskari wastaafu, watu waliokuja kula burger, na wengi wao hawakuwa wamewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote hapa Texas. Watu wakapoteza kazi wakiwa mahabusu. Zaidi ya 150 wakafunguliwa mashtaka, kesi moja tu ikasikilizwa, ya rais wa tawi la Bandidos la Dallas, Novemba 2017, juri ikashindwa kuafikiana. Aprili 2019 mwendesha mashtaka mpya akafuta kesi zote zilizobaki. Watu 9 wamekufa mchana, mbele ya polisi, mbele ya kamera, na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani kwa vifo vyao.

Mimi hili linaniuma sana na siombi radhi kusema. Serikali ilitazama kizibao ikaacha kutazama mtu. Mwaka huohuo 2019 waendesha mashtaka wa serikali kuu huko California walijaribu kwenda mbali zaidi, walikuwa wamewashinda Mongols kwenye kesi ya uhalifu wa kupangwa Desemba 2018, halafu wakataka mahakama iwanyang'anye umiliki wa nembo yenyewe ili polisi waweze kumvua mtu yeyote kizibao barabarani. Juri ikakubali, jaji David Carter akakataa, akasema hiyo inagusa uhuru wa mtu kujieleza. Nilifurahi aliposema hivyo, ingawa sina mapenzi yoyote na Mongols.

Lakini nisiishie hapo maana nikiishia hapo nitakuwa nimewasaidia kuosha mikono. Nendeni Quebec, Canada. Kuanzia 1994 mpaka 2002 Hells Angels walipigana na Rock Machine kugombea soko la madawa ya kulevya Montreal, watu zaidi ya 150 wakafa. Agosti 1995 bomu la kwenye gari likamuua mtoto wa miaka 11 aliyekuwa anacheza ng'ambo ya barabara. Kiongozi wao Maurice Boucher alitiwa hatiani mwaka 2002 kwa kuagiza askari magereza wawili wauawe, mmoja akiwa anatoka kazini anarudi kwake, mwingine akiwa kazini kwenye basi la magereza. Denmark na nchi jirani walipigana Hells Angels na Bandidos katikati ya miaka ya 90 mpaka wakafikia kurushiana silaha za kulipulia vifaru, ndani ya miji, kwenye nyumba zenye majirani. Australia, Septemba 1984, siku ya akina baba, Comanchero na Bandidos waliuana kwenye maegesho ya baa huko Milperra, Sydney, wakafa 7, mmoja wao binti wa miaka 14 aliyekuwa pale tu. Na hao Bandidos wa Sydney walikuwa Comanchero muda mfupi kabla, yaani ndugu waliogawana.

Kinachonitisha kuliko vyote ni Lennoxville, Machi 1985, Quebec hukohuko. Hells Angels waliwaita wenzao wa tawi la Laval kwenye nyumba ya klabu, watano wakapigwa risasi na ndugu zao wenyewe, wakafungwa kwenye mifuko ya kulalia na kutupwa mto St. Lawrence. Sababu ilikuwa kwamba wanatumia madawa kupita kiasi na hela hazieleweki. Watu waliopigiwa kura ya ndio na kila mmoja, waliochorwa nembo ileile mgongoni.

Nilimtajia mzee habari ya Lennoxville. Alikaa kimya muda, mashine ya oksijeni inanguruma, kisha akasema hao walikuwa Wacanada. Nikamwambia mzee, hilo sio jibu. Akasema najua.

Nikamuuliza palepale, kwa sababu nilijua nisipouliza siku hiyo sitauliza tena, kama yeye mwenyewe aliwahi kumuumiza mtu kwa ajili ya klabu. Akasema ndiyo. Nikamuuliza kama aliagizwa. Akasema hapana, hakuna aliyewahi kumuagiza kitu, hiyo ndo sababu kesi zao zinakuwa ngumu mahakamani, unakaa na watu miaka mingi mpaka unajua wanachokitaka kabla hakijasemwa, na unakifanya kwa furaha kwa sababu unawapenda. Alitumia neno hilo, unawapenda. Nimefikiria sana maneno hayo na sijaona mwanasheria wala mwandishi aliyeeleza vizuri zaidi namna hivi vitu vinavyofanya kazi. Polisi wanatafuta amri, hati, kikao. Wakati mwingine vipo, Quebec vilikuwepo. Mara nyingi hakuna haja navyo.

Sijazungumzia wanawake bado. Wanawake hawawi wanachama, hawaingii kanisani kwao, na zamani wake na wapenzi walivaa vizibao vilivyoandikwa kwamba ni mali ya fulani au mali ya klabu, na baadhi bado wanavaa. Mzee alioa mara mbili na ndoa zote mbili zilikufa. Alikuwa na binti mmoja, mtu mzima, mwalimu, alikuwa anakuja Jumamosi kwa zamu ambayo alihakikisha wale wazee hawapo. Huyo dada ndiye aliyeniambia upande wa pili wa safari na mazishi na maua. Kwamba baba yake alihudhuria mazishi ya watu majimbo matano na hakuhudhuria mahafali yake hata moja. Kwamba alipokuwa darasa la tatu polisi walivunja mlango alfajiri, wakalazwa chini yeye na mama yake huku mbwa wao kapigwa risasi, na baba hakuwepo, na waliokuja kutengeneza mlango asubuhi ile walikuwa wanaume wa klabu, wakaleta na maandazi yale ya huku ya sukari. Aliniambia alichukia kwamba walikuwa wema siku ile.

Mzee alifariki usiku, mikononi mwangu na mikononi mwa yule aliyekuwa anamnyoa. Kabla hata watu wa hospisi hawajafika kuandika saa ya kifo, maegesho yalikuwa yameshajaa.

Kuhusu kizibao hakukuwa na ugomvi, rais wa tawi alikuja akamuuliza binti kwa heshima, binti akasema chukueni, sikitaki, na wakaamua azikwe nacho. Ugomvi ulikuja kwenye msafara. Walitaka kutangulia mbele ya gari la maiti kama desturi yao, mapikipiki mawili mawili, na binti akakataa, akasema miaka yote mmetangulia nyinyi, leo mnakaa nyuma yangu. Nilidhani itakuwa vita. Yule rais akatikisa kichwa akasema sawa, na zaidi ya pikipiki mia zikaenda nyuma ya kigari kidogo cha mwalimu taratibu mpaka makaburini. Ng'ambo ya barabara polisi walikuwa wamepaki wanapiga picha namba za kila chombo kinachoingia, na yangu pia, mimi niliyekuja na sare za kazi kwa sababu nilikuwa na shifti nyingine mchana.

Baada ya kuzika, mmoja akaja na bahasha. Walikuwa wamepitisha kofia, kulikuwa na hela ya kulipia jeneza, kaburi, na deni la hospitali lililobaki, lote. Binti akaishika akaihesabu mbele yao, noti kwa noti, hakuna aliyesema kitu. Akaiweka kwenye mkoba. Yule mwanaume wa bahasha akamwambia ukihitaji chochote muda wowote, na binti akamjibu kwamba hii inalipa mazishi, haya mengine hamjaanza kuyalipa. Wale wazee walisimama pale na viraka vyao, na sidhani kama walikuwa na la kumjibu.